Kufumbua mafumbo ya herufi kwa mkono: mwongozo wa Kiswahili, kwa mifano ya Unguja na Pemba

Mtoto wa Unguja hujifunza kufumba maneno kabla hajajua kuandika vizuri. Kinyume ndiyo shule yake ya kwanza: silabi ya mwisho huletwa mbele, pesa ikawa "sape", kitabu kikawa "bukita". Mafumbo ya mkono ya kihistoria ni ndugu wa mchezo huo, ila hayachezi na silabi bali na herufi moja moja, na hufumbuliwa kwa kuhesabu.

Anayeanza hukwama kwa sababu moja kubwa. Majedwali mengi yaliyochapishwa yametungwa kwa Kiingereza, ambako E huongoza na T hufuata. Ukifumbua ujumbe wa Kiswahili kwa jedwali hilo utapotea tangu mstari wa kwanza. Kwetu kinara ni A, na kwa kawaida haina mshindani wa karibu: katika maandishi ya kawaida, karibu herufi moja kati ya kila tano ni A. Tena karibu nusu ya herufi zote ni irabu, na neno la Kiswahili huishia kwa irabu isipokuwa majina ya watu na maneno machache ya kukopa. Mambo haya matatu ndiyo zana zako. Kila hatua hapa chini inarudi kwenye mojawapo.

Vifaa

Daftari la hesabu lenye miraba, penseli mbili, ufutio, rula na mkasi. Herufi moja, mraba mmoja. Usikubali kuandika kwenye karatasi yenye mistari tu, kwa sababu safu zikipinda hesabu zote hufuata. Kata pia kanda mbili za karatasi ngumu: wa kwanza uwe na miraba 26 yenye A hadi Z, wa pili miraba 52 yenye alfabeti mara mbili mfululizo. Ukiutelezesha wa pili chini ya wa kwanza unapata kila alfabeti iliyosogezwa, bila kuhesabu kwa vidole.

Hesabu ya nafasi huanzia sifuri: A ni 0, B ni 1, mpaka Z ambayo ni 25. Anayeanzia moja hukosea kila jibu kwa hatua moja, na anaweza kumaliza jioni nzima bila kujua kwa nini.

Fumbo la kusogeza

Hili ndilo la Julius Caesar: kila herufi inasogezwa hatua zilezile. Wengi hujaribu sogezo zote 25. Kwa Kiswahili huhitaji. Chukua neno NDUDIXX. Herufi yake ya mwisho lazima iwe irabu, na irabu ni tano tu, kwa hiyo majaribio ni matano.

X ikiwa A, sogezo ni 23, na herufi ya kwanza inageuka Q, tupa. X ikiwa E, sogezo ni 19, linaanza UKBK, tupa. X ikiwa I, sogezo ni 15, unapata YOFOTII, linatamkika lakini si neno. X ikiwa O, sogezo ni 9, unapata EULUZOO. X ikiwa U, sogezo ni 3: KARAFUU.

Angalia YOFOTII kwa makini. Kutamkika hakutoshi kuwa ushahidi. Jaribu ufunguo uleule, yaani hatua zilezile, kwenye neno la pili kabla ya kushangilia.

Fumbo la kubadili herufi

Hapa kila herufi ina mbadala wake wa kudumu, lakini mpangilio haufuati sogezo moja. Njia ya kulivunja kwa kuhesabu herufi ilielezwa na al-Kindi huko Baghdad katika karne ya 9, kwa maandishi ya Kiarabu. Fanya zoezi hili lote kwa mkono, usilisome tu:

GMQBSM XM EMPMZSS CHMJHNJEM VARA MFZMDCPC GVMGKCA HMBJNBM MHIJDA GMDC XMDMA HNCLJ MTSEA GEJHNJ

*Hatua ya 1: hesabu.* Herufi ni 81. Piga mistari midogo chini ya kila herufi, kisha jumlisha. Jumla isipokuwa 81 umeruka mahali, rudi mwanzo. Utapata M mara 17, J mara 7, A, C na H mara 6 kila moja, G mara 5, S, E, N na D mara 4, B mara 3, na zilizobaki mbili au moja. M ni asilimia 21 ya ujumbe. M ni A.

*Hatua ya 2: miisho ya maneno.* Hii ndiyo hatua ambayo mfumbuaji wa Kiingereza hana. Orodhesha herufi ya mwisho ya kila neno: M, M, S, M, A, C, A, M, A, C, A, J, A, J. Maneno ni 14, lakini herufi za mwisho ni tano tu: M, A, C, J na S. Umepata irabu zote tano bila kukisia hata neno moja. Zizungushie duara kila zinapotokea katika fumbo lote. Jumla yake ni 40 kati ya 81, karibu nusu, kama ilivyotakiwa.

Haitakuwa safi hivi kila mara. Ujumbe mfupi huenda usiwe na neno linaloishia kwa moja ya irabu, na jina kama Salim au Idris hutia konsonanti kwenye orodha. Herufi iliyo mwishoni mara moja tu, na adimu kwingineko, itilie shaka.

*Hatua ya 3: konsonanti zinazotembea pamoja.* Kiswahili hakipangi konsonanti ovyo. Jozi zake ni chache: nd, mb, ng, nj, nz, ny, sh, ch, dh, th, gh, kh, kw, mw na nyingine za namna hiyo. HN imetokea mara tatu, na mara moja imeanza neno: HNCLJ. Jaribu H=N na N=D. Kisha tazama G: imeanza maneno manne, na mawili kati ya hayo (GV na GE) inafuatwa na konsonanti. Herufi inayosimama mbele ya konsonanti yoyote mwanzoni mwa neno ni M. Kwa hiyo G=M.

*Hatua ya 4: jaza neno lenye vidokezo vingi.* GVMGKCA sasa ni M?AM??? na tunajua herufi mbili za mwisho ni irabu. Mwambie. Hapo unapata V=W, K=B, C=I, A=E. HNCLJ inakuwa NDI?J, yaani ndipo au ndiyo, na J ni O katika yote mawili. Usichague bado, acha L wazi. CHMJHNJEM inasomeka INAONDO?A: inaondoka, E=K. Irabu iliyobaki ni U, nayo ni S. EMPMZSS inakuwa KA?A?UU, na mtu wa visiwani hahitaji kuambiwa neno hilo.

*Hatua ya 5: malizia, kisha hakiki.* Z=F na P=R zinafungua MFZMDCPC: A?FA?IRI, alfajiri. D=J inatoa maji, na XMDMA inakuwa ?AJAE, yajae, kwa hiyo X=Y. Y ikishachukuliwa, L haiwezi kuwa Y: neno ni ndipo. Ndiyo maana L iliachwa wazi. Ujumbe wote: "Mashua ya karafuu inaondoka Wete alfajiri. Mwambie nahodha angoje maji yajae ndipo avuke mkondo."

*Hatua ya 6: tafuta neno la ufunguo.* Wengi huacha baada ya kusoma ujumbe, na kwenye mashindano hapo hupoteza alama. Andika alfabeti ya kawaida, na chini yake mbadala wa kila herufi: chini ya A kuna M, chini ya B kuna K, C haikutumika, D ni N, E ni A, F ni Z, G ni I, kisha H ni B, I ni C, J ni D na kuendelea. M K ? N A Z I, halafu alfabeti ya kawaida: neno ni Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, likiwa limeondolewa herufi zilizojirudia. Ufunguo ukisomeka namna hii una uhakika kwamba hukukisia hovyo, na unaweza kujaza herufi ambazo ujumbe haukuzitumia; C hapa ni U.

Fumbo likija bila nafasi kati ya maneno, hatua ya 2 hupotea. Tafuta irabu kwa kupokezana: kwa Kiswahili konsonanti na irabu hufuatana kama hatua za mguu wa kulia na wa kushoto, kwa hiyo ukishajua A, herufi zinazoizunguka nyingi ni konsonanti. Maneno ya asili ya Kiarabu huvunja mwendo huo, kama alfajiri yenye LF. Utahitaji herufi zaidi, yapata 150.

Fumbo la kupanga upya

Herufi ni zilezile, mahali pake tu pamebadilika. Utalijua kwa hesabu: irabu bado ni karibu nusu, na Q na X hazipo. Fumbo likiwa na Q nyingi, si la kupanga upya.

FHILA AODJU NUJRN NTAOO IIERN OAOEB

Makundi ya herufi tano tano ni desturi ya telegrafu, na waya wake wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Faida yake kwako ni kwamba kundi lenye herufi nne linaonyesha papo hapo kuwa kuna iliyopotea.

Herufi ni 30, irabu 16. O ipo mara 5 na A mara 4, jambo linaloonyesha kwa nini ujumbe mfupi haustahili kuaminiwa kwa herufi moja. Jumla ya irabu ni ya kutegemewa zaidi. Ikiwa ujumbe uliandikwa kwa mistari na kusomwa kwa safu, upana unaweza kuwa 5 au 6. Jaribu upana wa 6: andika vikundi sita vya herufi tano kwenda chini, hesabu irabu za kila mstari. Unapata 3, 4, 4, 2, 3. Jaribu upana wa 5, vikundi vitano vya herufi sita: FHILAA, ODJUNU, JRNNTA, OOIIER, NOAOEB. Mistari inatoa 2, 2, 3, 3, 3, 3. Upana sahihi ndio unaosawazisha irabu, kwa sababu kila mstari ni Kiswahili halisi kilichochanganywa.

Sasa panga safu. Kata kila safu iwe ukanda wake na uzisogeze mezani. J hupenda kutanguliwa na N: weka safu ya tano kando ya safu ya tatu, usome kwenda chini: NJ, OR, AN, ON, ET, BA. Hakuna jozi mbaya hata moja. Ongeza ya nne, kisha ya pili. H ya safu ya kwanza inaangukia kando ya D, ikawa DH. Mpangilio ni 5-3-4-2-1: "Njoo Forodhani jioni, ulete na barua." Namba hizo ni mpangilio wa kialfabeti wa herufi za neno PEMBA.

Jozi moja mbaya katikati ya nzuri tano, mfano RF au TJ, kwa kawaida ina maana safu si zenyewe. Lakini idadi ya herufi isipogawanyika sawasawa na upana, safu nyingine huwa ndefu kwa herufi moja, na jozi huharibika kuanzia mahali fulani kwenda chini. Hapo sogeza mpaka wa safu kwa mraba mmoja kabla ya kuvunja mpangilio.

Fumbo la neno linalojirudia

Hili lilielezwa na Giovan Battista Bellaso mwaka 1553, ingawa jina la Vigenère ndilo lililoligandia. Neno la ufunguo huandikwa juu ya ujumbe tena na tena, na kila herufi ya ujumbe husogezwa kwa namba ya herufi ya ufunguo iliyo juu yake. Kuhesabu herufi za fumbo lote hakusaidii. Friedrich Kasiski alichapisha mwaka 1863 njia ya kupata urefu wa ufunguo: tafuta vipande vinavyojirudia na upime umbali kati yao, kwa kuwa umbali huo kwa kawaida hugawanyika kwa urefu wa ufunguo.

YTWWY MREZE DTJJY UGEDR PHOPA QMIPP RTNXV UFAPQ NBICE THHWE MGKDN QFEYM KTNPI ZWMES MOYZI YDSCH A

Humu ED imejirudia kwa umbali wa 8, TN kwa umbali wa 30, na YM kwa umbali wa 54. Haziafikiani. Jozi za herufi mbili hujirudia kwa bahati tu. Amini vipande vya herufi tatu na kuendelea, na hapa havipo. Ujumbe mfupi ndivyo ulivyo.

Kwa hiyo pita njia ya pili, na hapa Kiswahili kinakupa zawadi. A ni sifuri. A ikiongezwa herufi ya ufunguo inatoa herufi ya ufunguo yenyewe. Mfumbuaji wa Kiingereza hupata kinara wa safu kisha hutoa E. Wewe hutoi kitu. Vinara vya safu, vikisomwa kwa mpangilio, ndivyo ufunguo.

Jaribu urefu wa 4: andika fumbo lote kwenye miraba, herufi nne kila mstari. Kinara wa safu ya kwanza ni Y (3), wa pili E (4), wa tatu M (3), na safu ya nne haina kinara kabisa. Hakuna neno. Jaribu urefu wa 5: makundi yameshagawanywa hivyo. Safu ya kwanza inaongozwa na M (3), ya pili T (4), ya tatu E (3), ya nne P (4), ya tano E (3). MTEPE, chombo cha zamani cha pwani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba.

Fumbua: Y ukitoa M ni M, T ukitoa T ni A, W ukitoa E ni S, W ukitoa P ni H, Y ukitoa E ni U. MASHU... Ni ujumbe uleule wa Wete. Safu zina herufi 16 au 17 tu, na bado A imeongoza zote tano. Usitegemee bahati hiyo kila siku: ujumbe huuhuu ukiufumba kwa neno la herufi tatu, safu ya kwanza itaongozwa na M ya ujumbe badala ya A, kwa hiyo kinara wake atakudanganya. Vinara viwili vikisema kweli na kimoja kikidanganya, kisia neno kwa vile viwili.

Fumbo la jozi

Fumbo la Playfair, lililobuniwa na Charles Wheatstone mwaka 1854, hutumia mraba wa herufi 25. Wanaotumia Kiingereza huunganisha I na J. Usifanye hivyo kwa Kiswahili. Jaji na jiji zitaharibika. Toa Q, ambayo hatuitumii, na X ibaki kama kijazio cha kutenganisha herufi mbili zinazofanana ndani ya jozi moja. Kwa ufunguo Mkunazini, mistari ni MKUNA, ZIBCD, EFGHJ, LOPRS, TVWXY. Ujumbe hukatwa jozi jozi: herufi mbili zikiwa safu moja, kila moja huchukua ya chini yake; zikiwa mstari mmoja, ya kulia kwake; vinginevyo kila moja huchukua ya mstari wake iliyo kwenye safu ya mwenzake. "Saa mbili" inagawanyika SA AM BI LI, na inakuwa YD MK CB OZ. A mbili za saa zimeangukia jozi tofauti, kwa hiyo kijazio hakihitajiki. Watungaji wengi hukitia bila sababu na kuvuruga kila kinachofuata.

Ukiwa mtungaji

Andika ujumbe kwanza, ufumbe mara moja, kisha mpe mtu mwingine aufumbue akiwa na ufunguo. Ukijihakiki mwenyewe utasoma ulichokusudia. Herufi moja iliyorukwa katika fumbo la neno linalojirudia huharibu yote yanayoifuata, na mshindani hawezi kujua kosa ni lako.

Taja mapema kama ng' itaandikwa NG tu. Taja pia lahaja: ujumbe wa Kikae cha Makunduchi au wa Kipemba una viambishi vingine, na mfumbuaji anayetafuta "ana" na "wana" atahangaika bila haki. Ukitaka kutumia hati za Kiarabu kama barua za zamani, kumbuka irabu fupi ni alama za juu na chini, kwa hiyo ukuu wa A unatoweka na hesabu huanza upya. Ukituma kwa simu, zima kirekebishaji cha maneno. Hugeuza kundi la herufi kuwa neno bila kukuuliza.

Kwa urefu: la kusogeza herufi 20 zinatosha, la kubadili lenye nafasi 80, la neno linalojirudia zidisha urefu wa ufunguo kwa 20.

Hili ni la kupanga upya, herufi 36, safu sita. Ufunguo ni jina la msitu wa Unguja, na ujumbe unamhusu mkazi wake:

AWESN IUNAB AIKNA NULPA KUARI JOAHA MUNAI S